Nani Ameshika Mnara?

Kinshasa ikitimu saa moja jioni, Aru ni saa mbili usiku, na pale Arua, ng'ambo tu ya mpaka wa Uganda, tayari ni saa tatu. Mtu wa Aru anazijua saa hizo tatu bila kusafiri, kwa kuwa redio yake inamletea zote. Akizungusha kitufe cha masafa taratibu, mtangazaji wa redio ya taifa anataja saa ya mji mkuu, mwenzake wa Bunia anataja saa ya mashariki, na kijana wa Arua anasalimia kwa Kilugbara huku akitaja saa ya Uganda. Lugha inabadilika, muziki unabadilika, na habari nazo zinabadilika.

Wadogo zangu wa Aru, Ariwara, Mahagi na Bunia, wengi wenu mmezaliwa mkakuta sauti hizi zote ziko hewani, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Kuna wakati nchi nzima ilikuwa na sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa na mwenyewe. Leo nawasimulia jinsi sauti moja ilivyozaa mamia, na kwa nini kila aliyetaka kuitawala nchi hii aliutafuta kwanza mnara wa redio.

Sauti inavyosafiri

Tuanze na chombo chenyewe. Mtangazaji anaposema mbele ya maikrofoni, sauti yake inageuzwa kuwa umeme. Umeme huo unapita katika mtambo unaouongezea nguvu, unapanda hadi kwenye antena iliyo juu ya mnara, na pale unatoka kama mawimbi ambayo jicho haliyaoni wala sikio haliyasikii. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Kinshasa hadi Aru ni karibu kilomita 1,900 kwa mstari ulionyooka. Msafiri wa mto na barabara huzihesabu kwa majuma, lakini wimbi la redio huzimaliza kabla hujapepesa jicho. Redio ya nyumbani nayo hufanya kazi hiyo hiyo kinyumenyume: hunasa wimbi, huligeuza kuwa umeme, na spika huugeuza umeme kuwa sauti.

Lakini mawimbi hayafanani. Ya FM, yanayokaa kati ya megahezi 87.5 na 108, huenda mbele yamenyooka kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama njiani, nyuma yake ni giza. Ndiyo maana kituo cha FM hutafuta mahali pa juu pa kusimika mnara wake, na hata hivyo hakisikiki mbali zaidi ya makumi ya kilomita. Mawimbi mafupi yana tabia nyingine. Hupanda juu sana, yakagonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, kisha yakarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Hufika mbali, ila hufika yakikoroma, mara yako, mara yamepotea.

Shikeni tofauti hiyo, maana historia yote ya redio ya Kongo imo humo. Kwa mawimbi mafupi, mtambo mmoja wenye nguvu katika mji mkuu unaweza kuisemesha nchi nzima. Kwa FM, kila mji unahitaji mnara wake. Na mji ukishapata mnara, unaweza pia kupata sauti yake wenyewe. Anayetaka kuiunganisha minara mingi hutumia setilaiti: studio moja inarusha matangazo juu, madishi ya miji mbalimbali yanayapokea, na kila mji unayarusha tena kwa FM. Huo ndio mtandao wa redio.

Mlango uliofungwa

Radio Congo Belge ilianza mwaka 1940 mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na Wabelgiji walihitaji mahali pa kusema na dunia. Wakakisimamisha kituo hicho Kongo, lakini Wakongo hawakuwa wasikilizaji wa kwanza waliofikiriwa. Wengi hawakuwa na redio nyumbani. Katika mitaa yao waliwekewa vipaza sauti hadharani, watu wakasimama chini yake kusikiliza maneno yaliyochaguliwa na mkoloni. Hakuna aliyewauliza wao wana neno gani.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, mnara wa mji mkuu ulibaki mmoja, ila wenye kuutaka wakawa wengi. Sikilizeni yaliyotokea.

Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, Rais Joseph Kasa-Vubu alikwenda redioni jioni akatangaza kwamba amemfukuza Waziri Mkuu, Patrice Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye alikwenda redioni, akajibu kwamba anayefukuzwa ni Kasa-Vubu. Kesho yake Umoja wa Mataifa, uliokuwa na askari wake nchini, ulikifunga kituo. Ukiangalia haraka utasema mlango ulifungwa kwa wote wawili. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na marafiki Brazzaville, ng'ambo ya mto, na redio ya kule ilimpokea. Lumumba, ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa kusema na watu, akabaki bila mnara. Alipojaribu kuingia kituoni, askari wa Ghana waliokuwa wakipalinda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walimzuia. Tarehe 14 Septemba, kituo kikiwa kimefunguliwa tena, kanali kijana aliyeitwa Joseph-Désiré Mobutu alitangaza redioni kwamba amewaweka kando viongozi wote wawili.

Ndani ya siku tisa tu, nchi kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati iligeuzwa kwa maneno yaliyopita katika mlango mmoja. Mobutu hakulisahau somo hilo. Novemba 1965 alipochukua madaraka moja kwa moja, redio ndiyo iliyopeleka habari kwa wananchi, na kwa miaka zaidi ya 30 iliyofuata hakuiachia. Nchi ikaitwa Zaire, redio ikaitwa La Voix du Zaïre, na chama kilikuwa kimoja. Miji mikubwa ilikuwa na vituo vyake, lakini vyote vilikuwa vya serikali na viliimba wimbo mmoja wa kumsifu kiongozi.

Hata hivyo watu hawakukaa bila masikio. Redio ndogo za transista zilikuwa zimeingia, na hizo hazikuhitaji umeme wa ukutani. Mkulima aliweza kuichukua redio yake hadi shambani. Mawe ya redio yalipochoka, aliyaanika juani ili yapate nguvu kidogo ya kumfikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Usiku aliitafuta BBC, ambayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, au Deutsche Welle, au Sauti ya Amerika. Mara nyingi habari za Kinshasa zilimfikia kupitia London.

Na tusiisahau foni, ile redio ya kuzungumza pande zote mbili iliyokaa kwenye misheni, kwa wafanyabiashara na kwenye ofisi za serikali. Kabla ya simu za mkononi kufika, aliyetaka kumwarifu ndugu yake wa mbali kuhusu msiba alikwenda kwenye foni, akapanga mstari, na zamu yake ilipofika akasema kwa sauti kubwa mbele ya wote waliosubiri. Hapakuwa na siri. Lakini palikuwa na jambo ambalo redio ya taifa haikuwa nalo: ulisema, ukajibiwa.

Redio iliyosubiri barua

Sasa njooni Bunia, kwenye Taasisi ya Juu ya Ualimu, ambayo watu wote huiita ISP. Humo, katika miaka ya 1970, kilianzishwa kituo cha kusambaza elimu kiitwacho Candip, na kutoka kwake ikazaliwa Radio Candip. Serikali ilikuwa bado inashikilia kila neno mjini Kinshasa, lakini walimu wa Bunia walipata nafasi ya kufanya kitu tofauti: redio ya mkulima na ya mwalimu wa kijijini.

Ubora wake haukuwa kwenye mtambo. Ulikuwa kwenye vilabu vya wasikilizaji. Wanakijiji walikusanyika kuzunguka redio moja saa ya kipindi, wakasikiliza pamoja, kisha redio ikazimwa na mazungumzo yakaanza. Walichoambiwa kuhusu mihogo kinafaa kwa udongo wao? Dawa waliyosikia inapatikana wapi? Aliyejua kuandika aliweka maoni kwenye karatasi, barua ikapelekwa Bunia na yeyote aliyekuwa akisafiri upande huo, na katika vipindi vilivyofuata studio ilijibu.

Tazameni vizuri kilichofanyika hapo. Vifaa vilikuwa haba, umeme ulikuwa wa shida, barabara zilikuwa mbaya. Lakini mkulima aliyeandika barua na kusikia jina la kijiji chake likitajwa hewani aliacha kuwa mtu wa kupokea tu. Redio ya taifa ilikuwa na nguvu za kufika kila mahali, na haikuwa na njia ya kupokea neno la mtu wa Aru. Redio ndogo ya walimu ilifika mahali pachache, na pale ilipofika ilisikiliza.

Mlango unafunguliwa

Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sauti mpya zikaanza kutafuta njia. Mjini Bukavu, mashirika ya wananchi yalianzisha Radio Maendeleo mwaka 1993, mojawapo ya redio za kwanza za kijamii mashariki mwa nchi. Halafu, tarehe 22 Juni 1996, ikatoka sheria ya uhuru wa vyombo vya habari, sheria namba 96-002. Kuanzia hapo mtu binafsi, kanisa, chama cha wakulima au kampuni waliweza kuomba kibali cha kuanzisha redio.

Minara ikaota. Leo Kongo ina mamia ya vituo, na ni vizuri mjue aina zake, maana huko ndiko kujua nani anasema nanyi.

Ipo redio ya umma, RTNC, iliyopewa jina hilo mwaka 1997 baada ya Mobutu kuondoka. Kwa sheria ni ya wananchi wote. Kwa kazi ya kila siku, serikali iliyopo madarakani ndiyo inayosikika zaidi. Zipo redio za dini: Bunia kuna Radio Tangazeni Kristo, na Wakatoliki wana Radio Maria katika miji mingi. Zipo redio za biashara, zinazoishi kwa matangazo ya sabuni, bia na kampuni za simu. Zipo redio za wanasiasa, ambazo huchangamka uchaguzi ukikaribia. Na zipo redio za kijamii, zinazotakiwa kuwa mali ya watu wa mahali penyewe. Nyingi za hizo zimeungana katika mitandao ya kusaidiana, kama RATECO ya redio za kijamii za mashariki. Juu ya zote kuna baraza la kusimamia utangazaji, CSAC, ambalo sheria yake ilitoka mwaka 2011.

Mnara unapotekwa

Kuwa na minara mingi ni jambo jema, lakini hakutoshi. Jirani zetu wa Rwanda walilijua hilo kwa uchungu. Redio binafsi RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilipendwa na vijana kwa muziki wake na utani wake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo hiyo ilichochea wauaji na kuwataja watu wa kuwindwa. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Redio binafsi, isiyo ya serikali moja kwa moja, ilikuwa imetumika kuua.

Kwetu Ituri vita vilivyoanza mwaka 1999 viliua maelfu kwa maelfu. Kundi la UPC la Thomas Lubanga lilipoushika mji wa Bunia mwaka 2002, liliishika pia Radio Candip. Redio iliyozoea kusoma barua za wakulima ikawa inasoma amri za wenye bunduki na propaganda zao. Studio ilikuwa ile ile na masafa yalikuwa yale yale, ila sasa hakuna aliyethubutu kuandika barua. Huko Bukavu nako, waasi wa RCD walikuwa wameifunga Radio Maendeleo mwaka 1999. Penye bunduki, redio inayosikiliza watu huwa adui wa kwanza.

Nawaambia haya bila kuwaficha kwa sababu waliopelekwa vitani walikuwa wa umri wenu. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu huko The Hague ilimtia Lubanga hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, na ilihusu watoto wa Ituri.

Habari za kesi hiyo ziliwafikiaje wazazi wa vijijini? Kwa redio. Baada ya vita, mradi mmoja wa redio ya haki mjini Bunia ulifanya jambo ambalo walimu wa Candip wangelitambua mara moja. Waandishi walikwenda kwa watu na vinasa sauti, wakauliza: mna swali gani kwa mahakama, kwa polisi, kwa jeshi? Maswali yakachukuliwa yakapelekwa kwa wenye mamlaka, wakajibu, na majibu yakarushwa hewani. Mama wa kijijini akamuuliza ofisa wa The Hague, na ofisa akalazimika kujibu kwa namna ambayo mama angeielewa.

Mnyama wa Ituri hewani

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2002. Kongo ilikuwa imekatwa vipande: hapa serikali, pale waasi wa RCD, kule waasi wa MLC. Aliyekuwa upande mmoja hakujua ndugu zake wa upande wa pili wanaishije, na kila kundi lilikuwa na redio yake ya kulisifu. Tarehe 25 Februari 2002, siku ile ile mazungumzo ya amani ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, ikaingia hewani Radio Okapi. Ilianzishwa na Umoja wa Mataifa, kupitia kikosi chake cha MONUC, pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Jina walilitoa kwa mnyama wa msitu wetu wa Ituri, okapi, ambaye porini haishi nchi nyingine yoyote ila Kongo.

Radio Okapi ulikuwa mtandao hasa, kwa maana ile niliyowaeleza. Studio kuu ilikuwa Kinshasa, setilaiti ikabeba matangazo, na vituo vya mikoani vikayarusha kwa FM, huku navyo vikirudisha habari zao kwenye studio kuu. Habari zilisomwa kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza katika vita vile, mtu wa Bunia, wa Gbadolite na wa Kinshasa walisikia habari moja kwa wakati mmoja, na jina la mji wake likiwemo. Waandishi walilipa gharama kubwa: Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, na Didace Namujimbo akauawa mji huo huo mwaka uliofuata.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, redio hiyo ilirusha masomo, na watoto wengi wakafuata somo la hesabu wakiwa jikoni kwa mama zao. Lakini tunaoipenda tunapaswa pia kuuliza: anayelipa ni nani? Sehemu kubwa ya fedha inatoka nje. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, ambacho sasa kinaitwa MONUSCO, kiliondoka Kivu Kusini mwaka 2024, na siku moja kitaondoka kila mahali. Redio inayosimama kwa fedha za mgeni inahitaji wenyeji wanaojiandaa kuibeba.

Sauti kutoka ng'ambo

Nyumba nyingi za Aru zinafungulia redio za Uganda, na hilo lina sababu zake. Uganda iliruhusu redio binafsi mapema. Sanyu na Capital zilianza Kampala mwishoni mwa 1993. Wimbi hilo lilipofika kaskazini, Dayosisi Katoliki ya Arua ilianzisha Radio Pacis mwaka 2004. Miaka mitatu baadaye ilipata tuzo ya BBC ya redio mpya bora Afrika. Mitambo yake inategemea sana umeme wa jua, na mawimbi yake hayakaguliwi na forodha ya mpakani Vurra. Mlugbara wa Aru anasikia Kilugbara chake kikisomwa kwa ufasaha, anasikia bei ya mazao katika soko la jirani, anasikia onyo la ugonjwa.

Ni faida kubwa. Lakini redio ya Arua, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kumuuliza mkuu wa teritori ya Aru kwa nini barabara ya kwenda Bunia imeharibika, wala kufuatilia mishahara ya walimu wa Ariwara. Ukisikiliza jirani tu, utajua mambo ya jirani kuliko ya kwako. Ndiyo maana redio ndogo za Aru na Ariwara zina thamani kubwa kuliko ukubwa wa minara yake.

Ingieni nami katika redio ya aina hiyo. Ni chumba kimoja cha matofali. Ukutani yamebandikwa matrei ya mayai ili sauti isigonge ikarudi. Juu ya bati kuna paneli za jua. Chini ya meza kuna betri mbili za gari. Kuna kompyuta moja, maikrofoni mbili na daftari. Daftari ndilo moyo wa kituo. Humo yameandikwa kwa kalamu matangazo ya siku: familia fulani inaarifu msiba, ndugu wa Biringi wafike kabla ya maziko, kadi ya mpiga kura imeokotwa sokoni, mbuzi jike mweusi mwenye alama sikioni amepotea, wazazi wa shule ya msingi waje kikaoni Jumamosi. Mtangazaji anasoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangala, kisha kwa Kilugbara, na kama msiba ni wa Wakakwa, anamwita mwenzake asome kwa Kikakwa. Betri zikianza kulegea anapunguza muziki ili matangazo yamalizike.

Kijana huyo, mara nyingi, halipwi mshahara. Hapo ndipo hatari inapoingia. Kongo nzima inaijua coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi na mtu aliyemwita kuandika habari zake. Mwenye bahasha anakuwa mhariri bila kukaa studioni. Anayetaka redio ya kweli asimlaumu kijana huyo peke yake. Aulize jamii imemchangia nini.

Mtu aliyesema na jirani zake

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola mashariki mwa Kongo. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200 Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Madaktari walikuja na magari na mavazi ya ajabu, na watu wengi waliwaogopa. Uvumi ulisema ugonjwa ni biashara. Redio kubwa zilieleza, lakini mtu mwenye hofu humwamini kwanza anayemfahamu.

Huko Lwemba, teritori ya Mambasa katika jimbo letu, Papy Mumbere Mahamba alikuwa mtangazaji wa Radio Lwemba na aliendesha kipindi cha kuelimisha kuhusu Ebola. Alisema na jirani zake, kwa lugha yao, juu ya kunawa mikono, kuzika kwa usalama na kumpeleka mgonjwa mapema. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 wauaji walimfuata nyumbani kwake wakamuua, wakamjeruhi mkewe na kuichoma nyumba yao.

Tumkumbuke kwa jina. Hakuwa na redio kubwa wala mshahara mkubwa. Alikuwa na kijiji kilichomwamini, na neno la kweli la kukiambia. Waliomuua walijua uzito wa mtu kama huyo, nasi tuujue.

Maswali ya kubeba

Tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa ajili ya vita, na kazi ya mwandishi imekuwa ngumu zaidi. Simu nazo zimeingia kila mahali. Uvumi unaruka kwa WhatsApp kabla mtangazaji hajafungua maikrofoni. Kwa sababu hiyo masikio yenu yanahitaji akili kuliko masikio ya babu zenu.

Kila mnaposikiliza, ulizeni mambo matatu. La kwanza, redio hii ni ya nani? La pili, nani analipia mafuta ya jenereta, mtambo na mishahara? La tatu, na hili ndilo kubwa: mimi nikiwa na neno, nitalifikishaje, na atanijibu nani? Redio isiyo na jibu la swali la tatu, iwe ya serikali, ya kanisa, ya mgeni au ya tajiri, bado ni kile kipaza sauti cha mkoloni kilichotundikwa mtaani.

Na msiishie kuuliza. Shuleni kwenu anzisheni kilabu cha wasikilizaji kama vile vya Candip. Chagueni kipindi kimoja, kisikilizeni pamoja, kijadilini, andikeni mliyokubaliana na mliyoyapinga, kisha ipelekeni karatasi hiyo kituoni kwa miguu. Mkisikia habari ya uongo, nendeni mkaseme kwa adabu kwamba si kweli, na mlete ushahidi. Mkisikia kabila fulani likitukanwa hewani, msicheke. Waambieni wazazi na walimu siku hiyo hiyo, kwa maana Ituri imeshalipa deni la maneno ya namna hiyo. Na kama mmoja wenu ana sauti nzuri na Kilugbara safi, akaombe kufundishwa kazi na yule kijana wa matrei ya mayai, maana siku itafika yeye atachoka na kiti kitahitaji mtu.

Sheria iliruhusu minara mingi, na wafadhili wameijenga mingine. Kuifanya iseme kweli na isikilize ni kazi ya wenye nchi, na ninyi mmeshaingia katika hesabu ya wenye nchi.